Siku Niliyompimia Rafiki kwa Kijiti

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile niliyotoka nyumbani asubuhi na kikapu cha maharage kichwani, kisado mkono huu na kijiti mkono huu, nikaenda kumlipa rafiki yangu deni lake. Nilikwenda kwa mwendo wa mtu mwenye haki zake. Nikarudi kwa mwendo uleule, na hapo ndipo ujinga wangu ulipo, maana ilinichukua miezi mitatu kujua nilichokuwa nimefanya.

Habari hii sikupanga kumwambia mtu, kwa kuwa hainipambi. Lakini juzi mjukuu wangu Jeska, anayesomea ualimu Kasulu mjini, alikuwa amekaa hapa jikoni kwangu Makere akimrudishia mwenzake pesa kwa simu. Walisafiri pamoja kutoka Kibondo, mwenzake akamlipia nauli na chai. Jeska akahesabu nauli, akahesabu chai, akahesabu na chapati moja, akatuma mpaka shilingi ya mwisho. Nikamuuliza, "Na ya kutolea umemwekea?"

Akacheka. "Bibi, mimi nimelipa nilichokula. Ya kutolea ni yake yeye na wakala. Sasa hanidai hata senti."

Aliposema hivyo niliacha kuchambua mboga. Sauti ile naijua. Miaka mingi iliyopita ilikuwa yangu, na maneno yalikuwa karibu hayohayo. Basi nikamwambia aweke simu chini, nikamsimulia, na wewe unayesoma kaa hapo pembeni yake usikilize, maana najua na wewe unazo chapati zako ulizozihesabu.

Mimi sikuzaliwa Makere. Niliingia nchi hii nikiwa mtoto wa kushikwa mkono, tukitoka Burundi, nikakulia kwenye makazi ya wakimbizi. Leo ni raia, nina kitambulisho changu, na wajukuu zangu wananicheka kwa Kirundi changu cha zamani. Pale makazini, miaka ya mwanzo, chakula tulikuwa tunapimiwa. Mnapanga foleni, mkifika mbele mgawaji anachota maharage kwa kopo, kisha anapitisha kijiti juu ya ukingo, yanayozidi yanarudi guniani. Usifikiri tulikichukia kijiti kile. Tulikipenda! Siku kilipokosekana palizuka ugomvi, huyu kajaziwa, yule kapunjwa, na wanawake wakarudi nyumbani wamechaniana vitenge. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba tumepoteza nyumba, ng'ombe na ndugu, lakini mbele ya kijiti sote tuko sawa. Kwake yeye ile ndiyo ilikuwa heshima iliyobaki.

Kwa hiyo nilipoolewa huku Makere na Ezekieli, fundi wa kujenga, mama alinifungia sufuria mbili, mwiko, ungo, na kijiti. Alikichonga mwenyewe na kukilainisha kwa jiwe. Akaniambia nisimpunje mtu wala nisikubali kupunjwa. Nilikuwa na umri wa Jeska, na nilikiweka kijiti kile mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi.

Ng'ambo ya njia, hatua kama thelathini hivi kutoka mlango wangu, aliishi Stefania, Mama Yohana, mwenyeji wa hapa, Muha. Alinizidi miaka michache na kunizidi maneno mara kumi. Siku ya kwanza tu aliingia kwangu bila kubisha hodi, akanipa viazi vitamu, akaniuliza mambo ambayo mama mkwe wangu alikuwa hajaniuliza bado. Nilishtuka, lakini nilimpenda. Mume wangu alikuwa akienda Kibondo kwenye kazi za ujenzi anakaa miezi, na bila Stefania ningesahau kuongea.

Mvua za kwanza zilipoanza nikafungua mbegu zangu za maharage nikakuta fukusi wamezila zote, kila punje ina tundu. Nilikaa kwenye mlango wa ghala nikalia kwa sauti. Stefania akasikia. Hakuniuliza kitu. Aliondoka, akarudi na gunia lake la mbegu na kisado, kile kindoo cha rangi tunachopimia kila kitu huku kwetu. Akanipimia visado vitatu, na kila kimoja akakijaza mpaka maharage yakapanda juu yakawa na kilele, mengine yakaporomoka, kuku wakayakimbilia. Mimi mkono ulikwenda wenyewe kwenye kijiti. Stefania akaupiga kofi dogo.

"Acha bwana! Unampimia nani? Yakiiva utaleta."

Yakaiva. Mungu alinipa mavuno mazuri msimu ule. Nikachagua yaliyo safi kuliko yote, nikayaanika siku mbili, nikapepeta, na asubuhi ile niliyokuambia nikaenda kulipa. Stefania alikuwa uani na watoto wake, anamenya muhogo. Nikatandika mkeka. Nikajaza kisado cha kwanza, nikapitisha kijiti. Yaliyozidi nikayarudisha kwenye kikapu changu. Cha pili, kijiti. Cha tatu, kijiti. Hata punje zilizodondoka kwenye mkeka niliziokota moja moja nikazirudisha kikapuni, na watoto wanaangalia. Yalibaki kama viganja viwili, nikayafunika na kanga kwenda nayo nyumbani.

Stefania, yule wa maneno mengi, alisema neno moja tu. "Urakoze."

Nikasikia asante, nikafurahi. Nikamwambia, "Sasa Mama Yohana, hunidai, sikudai."

"Ego," akaitikia, yaani ndiyo, akarudi kwenye muhogo wake. "Hatudaiani."

Mwanangu, kama ungekuwepo pale ungesikia mlango ukifungwa. Mimi sikusikia. Nilikwenda nyumbani nikakiosha kijiti changu nikakirudisha mahali pake, na usingizi wa mchana ule ulikuwa mtamu.

Baada ya hapo Stefania hakuja tena. Nilidhani ana kazi. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Kisimani ananisalimia, ananiuliza nimeamkaje, namjibu, anajitwika ndoo yake anaondoka. Hakununa, angenuna ningepata pa kuanzia. Alinipa heshima ile ambayo unampa mtu wa ofisini. Siku moja nikamwona mwanawe Yohana anapita mbele ya mlango wangu na kibakuli, anakwenda nyumba ya tatu huko mbele kuazima chumvi. Mimi chumvi ninayo. Yohana anajua ninayo. Alipita akiangalia miguu yake.

Mwanzoni nilijivuna. Nilijisemea kwamba mimi sina deni na mtu Makere nzima, natembea kichwa juu. Lakini nilikuwa na mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza haikuachii kiburi kwa muda mrefu. Miguu ilianza kuvimba. Mume yuko Kibondo, mama yuko mbali, safari ya siku mbili kwa barabara za wakati ule, na mama mkwe naye haishi karibu. Nikaanza kuogopa kitu kimoja tu, nakuambia wazi: kwamba uchungu utanikuta ndani peke yangu, nami nitashindwa kuita jina la jirani aliye hatua thelathini, kwa sababu nilikwishamwambia mbele ya watoto wake kwamba hatudaiani.

Katika hali hiyo nikaenda Kasulu kuuza maharage. Mnunuzi wangu alikuwa Bi Rukia, mama mmoja Mwislamu mwenye duka karibu na soko. Baba yake alitoka pwani, na yeye Kiswahili chake kilikuwa kinateleza mpaka sisi wa milimani tunaona aibu kufungua mdomo. Nikamwamkia shikamoo, nikaanza kumpimia, na kijiti changu kazini.

"Hapa dukani nakupenda kwa kijiti hicho," akaniambia. "Wengine wanapima na kidole gumba ndani ya kisado. Haya, na hilo tumbo, nani atakaa nawe siku zikifika?"

Nikaanza kulia. Mtu akikuuliza kwa upole kitu unachokiogopa, utafanyaje? Nikamweleza habari ya Stefania, tena nikimlaumu, kwamba nimemlipa kila punje lakini kanitenga.

Bi Rukia akavua miwani yake. "Alikupa vingapi?"

"Visado vitatu."

"Ukarudisha vingapi?"

"Vitatu, Bi Rukia. Kamili."

"Alipokupa, alikata kwa kijiti?"

"Hapana. Alijaza mpaka yakamwagika."

"Na wewe ulipomrudishia, ulikata?"

"Nilikata."

Akairudisha miwani machoni. "Basi yale yaliyokuwa juu ya ukingo yako wapi?"

Niliyapanda. Niliyavuna. Niliyala. Mimi, binti wa mama yule, niliyejigamba kwa haki, nilikuwa nimerudisha pungufu! Sikuwahi kuliona jambo hilo mpaka mama huyu aliyekaa nyuma ya mizani yake aliponiuliza.

"Umekula ya rafiki yako," Bi Rukia akasema, bila ukali, "halafu ukamfuata kwake na kijiti kumwonyesha ulivyo mwaminifu. Binti yangu, huko hukulipa. Huko ulimfukuza."

"Basi niongeze kiasi gani?"

"Hapo nisikilize vizuri. Sisi dini yetu, nikikukopesha vitatu nikakuambia uniletee vinne, nimekula riba, na sitaki hata kuisikia. Lakini wewe ukirudisha vitatu vimejaa vizuri, ukanitupia na viganja viwili kwa moyo wako, nami sikukuomba, huo ni wema wetu sisi wawili. Kidogo tu. Na usikitaje."

Kidogo tu, alisema. Na usikitaje. Maneno mepesi kiasi hicho, na mimi nikaondoka nayo yakamwagika yote njiani. Ujana bwana! Kesho yake asubuhi nikajaza debe zima, nikajitwika, na tumbo langu la miezi minane, nikavuka njia.

"Mawe, mama wee! Anastazia!" Stefania akaruka, akanitua lile debe. "Unataka kumuua mtoto? Ni nini hiki?"

"Nimeleta nyongeza ya yale maharage."

Akalitazama debe. Akanitazama mimi. "Kwani mimi nilikukopesha mbegu au nilikufungulia duka?"

"Mama Yohana, nilikuwa nime..."

"Oya, ngoja. Ulikuja na kijiti, ukaniona mwizi. Leo umekuja na debe, unaniona nani? Ombaomba? Siku ile nilikuona unalia, nikaja. Nilikuwa sijafikiria malipo. Sasa unalipa, unalipa, kama mtu anayetaka kuhama! Chukua debe lako urudi nalo." Na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akilia.

Sikuweza kulijitwika tena. Nilikaa chini palepale uani, nikamwambia kila kitu. Foleni. Kopo. Mama yangu na lile jiwe la kulainishia. Nilimwambia kwamba kwetu kijiti kilikuwa ni kumheshimu mtu, na kwamba sikujua kama kuna mahali duniani watu hawapimiani. Alisikiliza kimya mpaka mwisho, na kwa Stefania hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Kwa hiyo kile kijiti kilikuwa heshima?" akauliza.

"Kilikuwa heshima."

"Na mimi nikajua unanipima." Akajifuta uso kwa kanga. Kisha akaanza kucheka, polepole, mabega yakitikisika. "Hata zile za kuku uliziokota!"

Hapo Mungu akaniletea neno, maana akili zangu mwenyewe zisingeweza. Nikamwambia, "Mama Yohana, chumvi imeniisha. Naomba uniazime."

Ulikuwa uongo. Nilikuwa na pakiti nzima niliyonunua jana yake kwa Bi Rukia, hata sijaifungua. Ndio uongo pekee maishani mwangu ambao sijawahi kuutubu. Stefania akaingia ndani, akatoka na kifuniko cha bati kimejaa chumvi, kina kilele, anakibeba kwa mikono miwili isimwagike. Akaniwekea mkononi. Halafu akainama kwenye lile debe akachota viganja viwili vya maharage, akavitia kwenye ungo wake.

"Haya ndiyo yangu," akasema. Mengine akayabeba yeye mwenyewe mpaka kwangu, kwa sababu mimi hakunikubalia kubeba tena.

Uchungu ulinianza wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, na Stefania alikuwa uani kwangu. Alikuja, eti, kudai chumvi yake. Alimwita mumewe alete baiskeli, wakanipakia, mumewe anasukuma, yeye ananishika mgongo, tukaenda hivyo mpaka zahanati, na njia nzima anaongea. Mganga akamwambia nimefikishwa kwa wakati, damu ilikuwa nyingi, ningebaki ndani peke yangu hali ingekuwa nyingine. Mtoto aliyezaliwa ni baba yake Jeska. Anaitwa Stefano. Sasa unajua kwa nini.

Kifuniko nilikirudisha na chumvi, nikaweka na kiazi kimoja juu. Yeye akakirudisha na karanga. Nikakipeleka na mawese kidogo kwenye chupa. Chupa ikarudi na dagaa kwenye gazeti. Kwa miaka yote hiyo hatujawahi kulipana sawasawa hata siku moja, na sisi si matajiri, tulikuwa tunazidishiana vitu vya kiganjani. Leo Stefania amezeeka, amehamia Kibondo kwa Yohana. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu. Macho yameanza kukataa, lakini mdomo mzima. Nilipoaga akanipa kifuniko kilekile, kimepata kutu, kina chumvi yenye kilele. "Utaleta," akasema.

Kipo pale kwenye shubaka. Jeska alikitazama muda mrefu, akaniuliza, "Sasa bibi, nani anamdai mwenzake?"

Nikamwambia sijui. Sijui kabisa, na kila nikisali namshukuru Mungu kwa kutojua huko.

Basi mwanangu, nisikuzungushe. Sokoni shika kijiti, na usione aibu. Hapo ndipo mahali pake, na mimi mpaka leo nauza kwa kijiti cha mama. Lakini ukimrudishia rafiki, jaza. Ukidaiwa elfu nne na mia sita, mpe tano, na usisimame mlangoni kusubiri chenji. Ukituma kwa simu, weka na ya kutolea, kwa sababu pesa ambayo haitoki kwa wakala bado hujailipa. Ukiazima unga kwenye bakuli, bakuli lisirudi tupu. Wala usizidishe mpaka umwaibishe, maana kikubwa kinamfanya mwenzako mkopeshaji, na hukuwa umekwenda kwa mkopeshaji. Ukishaongeza, funga mdomo. Na ikiwa huna cha kuongeza, zipo siku za namna hiyo, nimezipitia, rudisha ulichochukua kisha ukae naye kidogo, unywe maji yake, umsikilize habari zake. Hiyo nayo ni nyongeza. Yule wa kudai naye asiwe mkali. Mwenzako akikurudishia pungufu, tazama kwanza huenda alikulia mahali ambapo watu hupimiwa.

Jambo moja zaidi, na hili lilinigharimu kujifunza. Rafiki yako asipokuomba kitu kwa muda mrefu, usijivune. Nenda kamwombe wewe.

Jeska alichukua simu, akaenda nje, akabofya bofya. Nikamwona anatuma. Haikupita dakika tano simu yake ikalia, nikasikia sauti ya msichana ikipiga kelele, "Wewe nawe, hii nyingine ya nini tena?" na wote wawili wakacheka pale uani mpaka mboga zangu zikaiva.

Nami nakuombea, mwanangu. Mungu akubariki mikono, ijaze bila kutetemeka. Akulinde na siku ya kumwambia mtu kwamba hamdaiani. Akupe rafiki ambaye mtazeeka pamoja mkiwa mmesahau nani alianza kumpa mwenzake. Na mlangoni kwako asikosekane mtu wa kuja kuomba chumvi, hata kama kwake ipo.